Waliohesabiwa na Waliotajwa Majina



Kwa miezi kadhaa sasa ofisi yetu ya parokia imekuwa ikipokea wageni wa aina mpya. Hawaji kuandikisha ndoa wala kuomba cheti cha ubatizo kwa ajili ya kipaimara. Waja kutafuta watu waliokufa. Mmoja ameombwa na binti yake aliye masomoni Ulaya amchoree mti wa ukoo; mwingine amestaafu na sasa ana nafasi ya kuuliza maswali aliyoyaahirisha kwa miaka 40; mwingine ana shauri la shamba, naye angependa ithibitike kwamba babu yake alizaliwa pale asemapo alizaliwa. Wote huuliza neno moja: Padre, tuanzie wapi? Wengi wamesikia kwamba Wazungu huwapata mababu zao katika sensa na magazeti ya kale, nao wadhani ya kwetu yamekaa mahali fulani yakingoja kufunguliwa. Juma hili twapenda kulijibu swali hilo kwa kirefu, kwa kuwa nasi tumeipita njia hiyo, na ikatufikisha mahali ambapo hatukukusudia kufika.

Yafaa tuanze na hao Wazungu. Nchini Uingereza watu wamekuwa wakihesabiwa kila baada ya miaka 10 tangu mwaka 1801, na kuanzia sensa ya 1841 makarani waliandika jina la kila aliyelala ndani ya nyumba usiku ule. Karatasi hizo hufungwa kwa miaka 100, kisha huwekwa wazi. Za mwaka 1921 zilifunguliwa Januari 2022. Hata huko mambo si salama sana. Karatasi za 1931 za England na Wales ziliteketea kwa moto mwaka 1942, na sensa ya 1941 haikufanyika kabisa kwa sababu ya vita. Ayalandi iliumia zaidi. Mwaka 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, jumba la nyaraka mjini Dublin liliungua, na sensa za nusu ya kwanza ya karne ya 19 karibu zote zikageuka majivu. Kilichowaokoa Wakatoliki wa nchi ile ni kitu kidogo: madaftari yao ya ubatizo hayakuwa yamepelekwa Dublin, yalikuwa kabatini kwa maparoko. Tangu mwaka 2015 picha za madaftari hayo zasomwa bure katika mtandao wa Maktaba ya Taifa ya nchi hiyo. Twalitaja jambo hili tukiwa na wivu kidogo, kwa kuwa kabati letu sisi linajulikana zaidi na mchwa.

Sasa twende kwetu. Serikali ya Kijerumani ilipoanza kutoza kodi mwaka 1898, ilihesabu nyumba. Watu nao walijifunza haraka: familia mbili tatu zilibanana chini ya paa moja ili nyumba zipungue. Na hata pasipo kodi, wazee wetu wengi hawakupenda watoto wao wahesabiwe. Mzee akiulizwa ana watoto wangapi alijibu kwa mzunguko, maana kumhesabu mtoto kwa kidole kulionekana kama kumkaribishia mauti. Wakati wa Waingereza zilifanyika hesabu za 1921 na 1931, lakini kwa Waafrika idadi ilikusanywa kwa jumla kupitia maofisa wa wilaya na majumbe. Hakuna karani aliyebisha hodi na kuuliza, “Mama, waitwa nani?” Mwaka 1948 Afrika Mashariki ilihesabiwa kwa utaratibu mmoja, na Tanganyika ikakutwa na watu zaidi ya milioni 7. Ikaja ya 1957, kisha ile ya kwanza baada ya Uhuru, Agosti 1967, iliyokuta watu milioni 12.3. Katika vitabu vilivyochapwa utakuta wilaya, jinsia, kabila na makundi ya umri. Jina la babu yako hutalikuta. Wala tusitazamie kwamba wajukuu zetu watapewa kirahisi karatasi za sensa ya 2022 iliyotukuta tuko 61,741,120, maana maelezo ya mtu binafsi ni siri kwa sheria.

Je, vitabu hivyo havina faida? La hasha. Jedwali la makabila laweza kukuonyesha kwamba katika wilaya ambayo kila mtu asema ni ya kabila moja waliishi pia watu wa mbali sana, kumi hapa, hamsini kule. Ukiuliza watu hao wamekwenda wapi, hakuna ajuaye. Yatupasa basi kujiuliza kama hawakwenda popote. Labda ndio sisi.

Mfano ulio karibu zaidi na jambo letu watoka Marekani. Katika sensa za 1850 na 1860 watumwa waliandikwa katika karatasi zao za pekee. Jina la bwana lilikuwako. Chini yake, mstari kwa mstari, waliwekwa watu wake kwa umri, jinsia na rangi: mwanamke, miaka 26, mweusi, mtoto wa kiume, miaka 3. Majina yao hayamo, isipokuwa mahali pachache sana. Wazao wao wakirudi nyuma hufika hadi sensa ya 1870, ya kwanza baada ya utumwa kufutwa mwaka 1865, na hapo hukutana na ukuta. Walio na bahati ya kuuvuka huvuka mara nyingi kwa msaada wa magazeti. Vita vilipokwisha, waliokuwa watumwa walianza kutangaza magazetini wakiwatafuta ndugu zao. Gazeti moja la Wamethodisti wa New Orleans, Southwestern Christian Advocate, lilikuwa na safu ya marafiki waliopotea iliyoendelea kutoka miaka ya 1870 hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Mama alimtafuta mwanawe aliyeuzwa miaka mingi nyuma, akitaja jina la bwana wa kwanza, la bwana wa pili, na mji ambako mkono wa mtoto ulitolewa katika mkono wake. Asiyekuwa mteja wa gazeti alitozwa senti 50. Na wachungaji waliombwa kuzisoma barua hizo mimbarini siku ya Jumapili, kisha watoe habari ikiwa ndugu wamekutana. Sisi tusomao matangazo ya ndoa na michango kila Jumapili, na pengine tukanung’unika kwamba ni marefu, tulipoijua habari hiyo tulinyamaza.

Magazeti ya Kiswahili nayo yana umri kuliko wengi wanavyodhani. Waanglikana wa Unguja walikuwa na Msimulizi tangu mwaka 1888. Tanga, mwanzoni mwa karne ya 20, palitolewa Kiongozi la shule ya serikali. Mwaka 1910 Walutheri walianzisha Pwani na Bara, na sisi Wakatoliki tukawa na Rafiki Yangu jijini Dar es Salaam. Vita Kuu ya Kwanza iliyafunga hayo ya wakati wa Kijerumani. Kisha, mwaka 1923, Idara ya Elimu ya serikali ya Kiingereza ilianza kuchapa Mambo Leo, na gazeti hilo, wapendwa, ni shamba lenye rutuba kwa kila atafutaye wazee wake. Wasomaji wenyewe ndio walioliletea habari: walimu, makarani, wahudumu wa hospitali. Waliandika juu ya mvua, nzige, simba, uhamisho wa karani, arusi na misiba. Mtu mdogo ambaye hakuna ofisa aliyemtaja katika ripoti yake yumo humo kwa jina lake na mji wake. Ni kweli kwamba wanaume wamo wengi kuliko wanawake, na waliosoma kuliko wasiosoma. Mkulima aliyelima na kufa pasipo kujua herufi hakupata mistari yake. Magazeti hayo yapo katika Nyaraka za Taifa, Upanga, na katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Utahitaji barua ya utambulisho, miwani na uvumilivu.

Babu yetu mzaa baba alikuwa mwalimu wa shule ya misioni huko Morogoro. Tuliingia maktaba tukitumaini kuona labda habari ya uhamisho wake. Siku ya tatu, katika toleo moja la miaka ya 1930, tuliliona jina lake chini ya mistari mitano. Aliwashukuru wote waliomfariji kwa kifo cha mama yake mzazi, mtu wa asili ya Manyema aliyelelewa na mapadre tangu utoto.

Tuliisoma mistari hiyo mara tatu. Tangu tupate akili tumeambiwa kwamba sisi ni Waluguru, kwa baba na kwa mama. Manyema iko ng’ambo ya Ziwa Tanganyika, katika Kongo ya leo, mwendo wa miezi kwa miguu. Msichana mdogo wa karne ya 19 aliyetoka huko akafika Morogoro hakuja kutembea. Na asemapo mwandishi wa zama zile kwamba mtu alilelewa na mapadre tangu utoto, mwenye kuijua historia ya misioni zetu ameelewa.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Waliwapokea watu waliokombolewa na manowari za Kiingereza baharini, na wengine, hasa watoto, waliwanunua wenyewe sokoni kwa fedha za sadaka kutoka Ulaya. Waliwaweka katika vijiji vya Kikristo, na kutoka Bagamoyo vijana waliokwisha kuoana walipelekwa bara kuanzisha misioni nyingine: Mhonda mwaka 1877, Mandera mwaka 1881, Morogoro mwaka 1882. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe katika Tanganyika haukufutwa kisheria hadi mwaka 1922. Waamini wengi wa parokia zetu kongwe ni wazao wa vijiji hivyo, nao hawajui, au wajua na hawasemi.

Kwa hiyo tulikwenda kwenye parokia moja kongwe ya jimbo lile na kumwomba paroko atufungulie daftari la kwanza. Ni Kilatini kitupu, na kwa mara ya kwanza tulimshukuru kwa moyo mwalimu aliyetutesa kwa lugha hiyo seminarini. Mstari wake tuliukuta katika mwaka 1886. Jina la ubatizo ni lile tulilozoea kulisikia nyumbani. Umri: karibu miaka 8, maana padre alikisia kwa kumtazama. Kabila: Manyema. Mahali pa wazazi pameandikwa maneno mawili, *parentes ignoti*, yaani wazazi hawajulikani. Jina aliloitwa na mama yake halimo. Bila shaka msichana wa miaka minane analijua jina lake na la mama yake. Hakuulizwa, au aliuliza mtu asiyejua lugha yake. Hatuwezi kusema zaidi ya hapo.

Twajua wako watakaotuambia kwamba tumshukuru Mungu, daftari la Kanisa lilimpa jina ambalo sensa haikumpa. Ndiyo, twashukuru. Lakini orodha za Kanisa si safi siku zote. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland, Marekani, waliuza watu 272, wanaume, wanawake na watoto wachanga, kwa dola 115,000, wakapelekwa Louisiana, na sehemu ya fedha ikatumika kulipa madeni ya chuo chao cha Georgetown. Nao walikuwa na orodha nzuri yenye majina. Kwa orodha ile ile iliyoandikwa ili kuwauza, pamoja na sensa ya 1870 na madaftari ya ubatizo ya parokia za Louisiana, wazao wao kwa maelfu wametambuliwa katika miaka hii ya karibuni. Mwezi Aprili 2017 Wajesuiti waliwaomba radhi mbele ya watu, na jengo moja la chuo likapewa jina la Isaac Hawkins, mtu wa kwanza katika orodha. Kalamu ya kanisani yaweza kuandika mambo mawili kwa wino mmoja.

Tulirudi nyumbani na nakala zetu, tukamwendea shangazi yetu, dada mkubwa wa marehemu baba, aliyevuka miaka 85. Tulimwamkia, tukakaa, tukamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Padre, mwanangu, hayo yaache huko huko kitabuni.”

Tulidhani ni aibu ya neno utumwa, tukaanza kumweleza kwamba siku hizi hakuna atakayetucheka. Alitukatiza. Shida yake ilikuwa shamba. Kwa asiyejua desturi, Waluguru hufuata ukoo wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ya mlimani hushikwa kwa njia hiyo. Baba yetu na shangazi walizaliwa na mama Mluguru, hawana la kuogopa. Lakini babu alikuwa na dada zake wawili, na wajukuu wa dada hao hadi leo wanalima mteremko mmoja juu ya misioni kwa kusema kwamba ni wa ukoo fulani kupitia mama yao, naye kupitia mama yake. Na huyo mama yake sasa tumemleta sisi kutoka maktaba: msichana wa Manyema, asiye na ukoo wala wazazi. Jirani mwenye tamaa akiupata mstari ule, alisema shangazi, binamu zako watalala nje.

Hatukuwa na jibu la haraka. Seminari ilitufundisha mengi juu ya ukweli na machache juu ya mipaka ya mashamba. Tulikaa na nakala zile mezani kwa karibu mwaka mzima. Tuliusoma tena ukoo wa Bwana wetu kama anavyouandika Mathayo, ambaye hakuwaficha Tamari, Rahabu, Ruthu mgeni wa Moabu wala mke wa Uria, ijapokuwa angeweza kuwaruka kwa urahisi na orodha yake ingekuwa laini zaidi. Lakini Mathayo hakuwa na binamu waliokuwa wakilima ndizi pale. Mwishowe tuliona kwamba habari ile si mali yetu sisi tulio salama. Tuliwaendea binamu wenyewe kwanza, bila mtu mwingine, tukawapa nakala mikononi mwao na kuwaambia kwamba wao ndio watakaoamua.

Walikaa siku nne. Kisha mkubwa wao alizichukua karatasi, akaenda nazo moja kwa moja kwa mzee wa ukoo wenye mlima ule, akaomba tuwepo. Mzee yule alisomewa kila kitu. Hakushtuka. Alisema kwamba hilo wao walilijua siku zote. Wazee wake walimpokea yule mama, wakampa mahali pa kulima na jina la ukoo, na waliagizwa wasilitaje mbele ya watoto wake ili wasijione wageni. Waliotunza siri kwa zaidi ya miaka 100 walikuwa wao, na walitutunzia sisi. Akauliza tu kama kitabu kinasema alitoka kijiji gani. Tulimwambia hakisemi. Alisikitika.

Mwezi wa Novemba uliofuata, shangazi alituletea bahasha yake ya kuwaombea marehemu. Kila mwaka huanza na jina la babu. Safari hii juu ya babu aliongeza mstari, jina la ubatizo la mama yake, na mbele yake, kwa mwandiko wake unaotetemeka, *wa Manyema*.

Sasa, kwa mlioomba mwongozo. Anzeni na walio hai, tena msichelewe; mtu wa miaka 85 ni maktaba isiyo na nakala. Msimwulize mzee alizaliwa mwaka gani, mwulizeni alikuwa na kimo gani njaa ilipoingia, au mama yake alisema nini juu ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907 au homa kuu ya 1918. Mkisoma maandishi ya kale, lisomeni jina kwa sauti: Mfaransa aliandika “ou” mahali pa “u”, Mjerumani aliandika “tsch” mahali pa “ch”, na wote wawili walichanganya “r” na “l” kama walivyosikia. Majina kama Mabruki, Feruzi au Majaliwa yalipewa watumwa wengi wa pwani, lakini waungwana nao waliyatumia, basi msimhukumu mtu kwa jina tupu. Na mkikuta jambo linalogusa ndoa ya mtu, mtoto wa nje au shamba, mwambieni kwanza yule litakayemwumiza.

Madaftari yetu ya ubatizo yanaanza mwaka 1931. Tutawasomea mstari wa mtu wenu, hatutaruhusu kupiga picha ukurasa mzima, kwa kuwa kuna watu wengine humo. Ofisi iko wazi Jumanne na Alhamisi, saa 3 hadi saa 6 mchana. Njooni na penseli. Kalamu ya wino tutaiacha mlangoni.

Wenu katika Kristo,
Paroko